Maji ya Chini ya Dumu

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa saba na robo mchana, wakati watu wa maofisini wametoka kula na foleni ya viazi vya kukaanga imefika mpaka kwa fundi viatu. Msimamizi wa soko aliiandika saa hiyo kwenye fomu yake, polisi wakainakili kwake, daktari akainakili kwa polisi. Karatasi tatu, mihuri mitatu, na hakuna hata moja iliyotaja Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo siku maji yalipoingia kwenye mafuta.

Jumamosi hiyo, kiasi cha saa tisa mchana, fundi cherehani alikuwa nyumbani, na hilo halikuwa jambo geni. Mwaka wa pili huo cherehani yake ilikaa dirishani imefunikwa shuka kama mgonjwa. Wakubwa walifungua milango, marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine yakaingia kwa malori, suruali nzima ikawa rahisi kuliko zipu yake. Wakubwa wenyewe hawakuzivaa. Suti zao walishonewa huko wanakokujua wao. Fundi alibaki na jina la ufundi, mkasi, kopo la nyuzi, na mke aliyekaanga viazi sokoni.

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Mama Karai, na hilo peke yake halikumuudhi fundi. Kilichomkaa kooni ni kwamba siku hizi akiingia dukani, hakuna aliyemwita Fundi. Walisema, "Huyo bwana wa Mama Karai, mpe sabuni aende." Naye huipokea sabuni, huikunja ndani ya gazeti, huondoka akiwa ameangalia chini.

"Hodi humu!"

Aliyebisha alikuwa muuza mafuta. Watu walimwita Nyongeza, kwa sababu akimaliza kupima hakukosa kuongeza kata moja ya juu, bure, huku akisema, "Na hii ni ya roho yangu." Mkokoteni wake ulikuwa nje, umejaa madumu. Mtu mwenye mabega mapana, meno yote mdomoni, na kazi.

"Karibu," fundi alisema bila kuinuka.

"Salama, shemeji? Dada yupo?"

"Shemeji? Tangu lini nikawa shemeji yako?"

Nyongeza akacheka, akaingiza dumu la lita ishirini na kulitua kando ya mlango. "Mama Karai si dada yangu wa biashara? Basi wewe utakuwa nani, mjomba?"

"Ameitwa mkutanoni sokoni. Ukishatua mzigo, mlango ni ule ule ulioingilia."

"Haya, bwana, haya. Mwambie nimejaza mpaka shingoni. Mwambie na ile kata ya juu nimetia mbili, yeye anajua za nini."

Yeye anajua za nini. Maneno hayo yalimwingia fundi sikioni yakakaa humo. Na Nyongeza alipoinama kulisogeza dumu lisizuie njia, fundi akaona kitu kingine. Shati la Nyongeza lilikuwa jeupe, limefubaa, na vifungo vyake vyote vilishikwa kwa uzi mweupe isipokuwa kimoja, cha pili kutoka juu, pale kifuani. Kifungo hicho kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani.

Mtu mwingine asingeona kitu. Lakini fundi aliujua uzi ule kama unavyomjua mwanao katikati ya wanafunzi. Ulikuwa uzi uliobaki alipomaliza sare za shule, kazi yake ya mwisho ya maana, na rangi ile hakuna duka lililokuwa nayo tena. Ulikaa ndani ya kopo lake, juu ya kabati lake, ndani ya nyumba yake. Ili kifungo kishonwe kifuani kwa mwanamume, ama shati limevuliwa, ama mshonaji amesimama karibu kiasi cha kukata uzi kwa meno.

Nyongeza aliondoka akipiga mluzi. Fundi alibaki amelikodolea macho lile dumu.

Mfuniko wake ulikuwa umepotea siku nyingi, na mdomo ulifunikwa kwa kipande cha nailoni kilichofungwa kamba. Fundi akaifungua ile kamba. Mafuta yalikuwa yamejaa kweli, yanang'aa, rangi ya chai ya rangi iliyowekwa juani. Akachota kiasi cha vikombe viwili akamimina kwenye sufuria kuukuu, akaisukuma nyuma ya cherehani. Kisha akachukua kikombe kile kile, akachota maji kwenye mtungi, akamimina. Maji yaliteremka ndani ya mafuta kama shanga zilizokatika uzi, moja moja, hayana haraka, mpaka chini kabisa. Akatia kikombe cha pili. Akachungulia. Juu palikuwa mafuta matupu, safi, hakuna ambaye angesema neno.

Hakutaka kumuumiza mtu. Hilo alijiambia baadaye mara nyingi, na lilikuwa kweli, kama lina faida. Alichotaka ni kwamba siku dumu litakapofika mwisho, Mama Karai aone maji, apige kelele, amwite Nyongeza mwizi mbele ya soko zima. Basi. Dada wa biashara na kata mbili za roho viishie hapo. Akairudisha nailoni, akaifunga kamba kwa mkono wake, akakaza.

*

Mama Karai alirudi saa kumi na moja amebeba ndoo nyekundu, mpya, uso umekunjamana.

"Mkutano wa nini?" fundi aliuliza.

"Wa hii hapa." Akaitupa ndoo sakafuni. "Kila mkaangaji anunue ndoo nyekundu, na ainunulie wapi? Ofisini kwa msimamizi, si kwingine. Ijazwe maji, ikae kando ya jiko. Eti usalama wa moto. Kuna mkubwa anakuja kukagua."

"Si vizuri?"

"Vizuri nini, baba Sindano? Shangazi Chumvi alisimama akamwambia, mheshimiwa, sisi ni watu wa karai, tupe mchanga, au tupe bati la kufunikia. Mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji. Unajua alijibu nini? 'Mama, mchanga unachafua soko langu. Wewe umesomea moto?' Watu wakacheka. Shangazi wa watu akakaa chini."

Fundi alikuwa akimtazama mkewe kama alivyolitazama dumu, akitafuta kilichokuwa chini. Mama Karai alivua kanga ya kichwani, akaona mafuta yameletwa, akalisukuma dumu chini ya kitanda kwa mguu. "Nyongeza alipita? Alisema kitu?"

"Aseme nini?"

"Nauliza tu."

Binti yao wa miaka kumi na mmoja, ambaye baba mwenyewe alimpa jina la Sindano kwa wembamba wake na ukali wa ulimi, aliingia na ndoo ya maji ya bombani, akasimama ghafla. "Nyongeza amekuja? Alivaa shati gani?"

"Toka hapa," fundi alisema, "kaoshe vyombo."

*

Jumapili mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu Mama Karai aliamka na furaha.

Alilivuta dumu kutoka uvunguni ili apime ya kesho, akaliinamia, akakaa pale kitambo mgongo wake ukiwa umemwelekea mumewe. Aliponyanyuka alikuwa anaimba ndani ya pua. Chai ya kwanza alimpa yeye, si mtoto. Kipande kikubwa cha samaki alimwekea yeye. Akamwambia "kula, mume wangu," kwa sauti ambayo fundi hakuwa ameisikia tangu cherehani ilipofunikwa shuka. Jioni aliketi karibu naye mlangoni, akamwondolea nyuzi begani kama zamani, ingawa hapakuwa na nyuzi.

Mwanamume mwingine angeshukuru. Si fundi. Ameona dumu lilivyojazwa, alijisemea. Ameona kata mbili. Furaha ya yule anaileta kunipaka mimi.

Jumatatu dumu lilikwenda sokoni kichwani kwa Mama Karai na kurudi kichwani kwake, maana kitu ukikiacha sokoni usiku, walinzi wanaolipwa kwa ushuru wako hawakioni kikiondoka. Jumanne vivyo hivyo. Fundi alizoea kulinyanyua kila jioni, kama mtu anayempima mtoto uzito. Likapungua. Juu mafuta yalikwenda, chini maji yalikaa pale pale yakingoja.

Jumatano jioni alilitikisa akasikia sauti nzito ya vitu viwili vikipishana. Alikuwa peke yake chumbani. Mlango wa uani ulikuwa wazi, shimo la maji machafu hatua tatu. Akalishika dumu mkono, akapiga hatua moja.

"Unalipeleka wapi?" Mama Karai alisimama mlangoni na sufuria.

"Naliondoa njiani."

"Liache, kesho linakwisha hilo." Akatabasamu. "Nyongeza amesema mchana atapita kuniletea jingine. Mtu mzuri yule. Ana maneno!"

Fundi akalitua dumu. Kama jina lile lisingetajwa pale, na kwa meno yale nje, huenda angelimwaga. Lakini lilitajwa.

*

Kwa hiyo Alhamisi alikwenda sokoni. Alikuwa hajaenda tangu mkewe aanze kukaanga. Aliona aibu kusimama kando ya jiko la mwanamke kama mzigo uliosahauliwa. Na kwa sababu hakuwahi kwenda, hakujua jinsi kazi ile inavyokwenda. Alidhani mafuta humiminwa asubuhi, karai likiwa baridi, mtu akiwa na nafasi ya kutazama. Hakujua kwamba saa saba, foleni ikikaza, viazi hunywa mafuta mpaka karai linapungua, na mkaangaji hana muda wa kuipua. Huongeza juu kwa juu, moto ukiwaka. Wakaangaji wote hufanya hivyo. Mafuta kwa mafuta hayagombani.

Alijibanza kwa fundi viatu, akatazama. Mama Karai alikuwa na jasho usoni na upawa wa matundu mkononi, anageuza, anatoa, anapokea, anajibu watu watatu kwa pumzi moja. Nyongeza alikuwa amesimama kando, amekuja na dumu jipya, anasubiri lile tupu.

"Mama Karai, viazi vyangu vimeota mizizi huku!" mtu wa ofisini alipiga kelele kutoka kwenye foleni.

"Vimwagilie basi!" Mama Karai akamjibu, watu wakaangua kicheko. Nyongeza alicheka kuliko wote, na kifungo chake cha kijani kikacheza kifuani.

Hapo Mama Karai akaliinua lile dumu la zamani, akalielekeza juu ya karai linalotoa moshi.

Fundi akaelewa. Haikuwa kwa kufikiri. Miguu ilielewa kwanza. Akafungua mdomo. Lakini apige kelele aseme nini? Acha? Watu wote wageuke, Nyongeza ageuke, mkewe aulize, "Kwa nini niache?" Alisita kiasi cha mtu kumeza mate mara moja. Mafuta ya mwisho yakatoka. Nyuma yake yakatoka maji.

Maji hayakukaa juu. Yalizama chini ya yale mafuta ya moto kama yalivyozama Jumamosi, na chini huko yakageuka mvuke kwa mpigo. Karai lilinguruma. Mafuta yakapaa, yakammwagikia Mama Karai mkono, shingo na upande wa uso, mengine yakaangukia mkaa, moto ukasimama urefu wa mtu. Ungeweza kuzimwa hata hapo. Shangazi Chumvi, jirani wa jiko, alikuwa ameshashika bati. Lakini askari wa soko alikuwa karibu zaidi, na askari wa soko alikuwa amefundishwa. Alinyakua ndoo nyekundu, akaimwaga yote ndani ya karai.

Waliokuwa mwisho wa foleni waliuhisi ule moto kwenye nyusi.

Nyongeza ndiye aliyeingia. Alimvuta Mama Karai kwa kiuno, akampokonya Shangazi bati, akalibwaga juu ya karai kwa mikono mitupu, moto ukafa. Fundi alipofika, mkewe alikuwa chini, mikono imekaa hewani kama mtu anayesubiri kupokea mtoto, na halioni lile dumu lililokuwa limebiringika kando yake. Maji yalikuwa yakitoka bado mdomoni mwa dumu, kidogo kidogo, yana vijitone vya mafuta juu.

"Maji!" mtu alisema. "Mafuta yametiwa maji!"

Macho yote yakamgeukia Nyongeza, ambaye alikuwa amesimama akiitazama mikono yake ilivyobabuka.

*

Hospitali ya serikali ilikuwa na kitanda, shuka nusu, na muuguzi mmoja kwa watu arobaini.

"Wewe ndiye mume? Kalete bandeji, dawa ya kupaka, glavu jozi tano, na maji ya dripu."

"Hapa hamna?"

"Baba, hapa kuna mimi," muuguzi alisema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Na jicho la kushoto tutajua Jumatatu, bandeji ikitoka. Msimshike mikono."

Fundi aliiuza cherehani alasiri hiyo hiyo, kwa mtu aliyeitaka ile meza ya chuma tu. Alimwona akiipakia bila hata kuifungua shuka. Njiani kurudi na bandeji kwapani alijikuta anahesabu vitu vingine. Vikombe viwili, alijiambia. Mimi nimetia vikombe viwili, wao wametia ndoo. Mkono na shingo, huenda ni mimi. Uso ni wao. Jicho ni lao. Alilirudia hilo mpaka mlango wa wodi, na kila aliporudia lilipungua nguvu, kwa sababu hata mkubwa aliyeagiza ndoo hakuagiza moto.

Ijumaa asubuhi msimamizi wa soko alikuja nyumbani mwenyewe. Alikuwa na karani wa kumshikia faili. Alitafuta pa kukaa, akakikung'uta kiti kwa leso yake.

"Pole sana, bwana... jina lako hasa nani? Haidhuru. Bwana wa Mama Karai. Serikali ya soko imesikitika."

"Ahsante, mheshimiwa."

"Tumemkamata yule mhuni. Mafuta yenye maji, anauzia wananchi wetu! Jumatatu anapanda kizimbani. Ninachotaka kwako ni sahihi tu, kwamba dumu lilipokelewa hapa likiwa limefungwa, na halikufunguliwa na mtu mwingine wa nyumba hii."

Fundi akaitazama ile karatasi. "Na ile ndoo, mheshimiwa? Watu wanasema ile ndoo ndiyo iliyozidisha."

Karani akainua kichwa. Msimamizi hakukasirika, alitabasamu tu, kama mtu anayemvumilia mtoto. "Ndoo ilikuwa moja. Moja haikutosha. Nimeshaagiza, kuanzia wiki ijayo kila jiko litakuwa na ndoo mbili. Tia sahihi hapo, ndugu yangu. Au una jambo jingine la kuieleza serikali?"

Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo, pana kama kalamu. Fundi aliona kifungo cha kijani, akaona mabega yale, akasikia "dada yupo?" Akaona pia maneno yake mwenyewe yakiandikwa na yule karani, na yeye akiongozwa nje mbele ya majirani. Akatia sahihi. Mkono ulioshona mishono iliyonyooka miaka ishirini uliandika jina lililopinda.

*

Jumamosi aliingia chumbani akamkuta Sindano juu ya kigoda, ameshusha kopo la nyuzi, anapekua.

"Nani kakuruhusu?"

Mtoto akaruka chini. "Natafuta ule wa kijani, baba. Shati la mama limechanika kwapani, lile la kutokea hospitali."

"Uzi wa kijani kwenye shati la bluu? Nani kakufundisha hivyo?"

"Si ndio wenye nguvu? Hata Nyongeza nilimshonea huo, na hakikukatika tena."

Fundi akakaa kitandani taratibu. "Ulimshonea nini?"

"Kifungo. Pale sokoni, nilipotoka shule. Kilining'inia, nikamwambia vua nikushonee, baba yangu ni fundi. Akalivua akakaa na fulana, watu wakamcheka." Sindano alianza kuona uso wa baba yake akaongea haraka zaidi. "Niliupitisha uzi msalaba, baba, kama ulivyonionyesha, nikazungusha chini mara saba. Akanilipa kwa kumtilia mama kata ya pili. Akasema mkono huu ni wa baba yako mtupu, usiuache upotee."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikataza mtu kugusa kopo. Mama akasema tusubiri ukiwa na moyo mzuri."

Fundi alijiinamia. Mkewe hakujua kupitisha msalaba. Miaka yote alishona vifungo kwa mistari miwili, yeye akimtania kwamba anashona reli. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kile kifungo, mchana kweupe, yeye fundi, aliyeweza kutaja mshono wa mtu kwa kuupapasa gizani, akaona rangi tu, mshono asiuone.

"Baba," Sindano aliuliza, "watamwachia? Nyongeza hatii maji. Mimi nimemwona akipima."

Fundi akalifunika kopo, akalirudisha juu ya kabati.

*

Jumapili mchana, saa ya kutazama wagonjwa, aliwakuta Shangazi Chumvi na mwanamke asiyemjua wamekaa kando ya kitanda. Mwanamke alikuwa na chupa ya chai na macho mekundu.

"Huyu ni mke wa Nyongeza," Shangazi Chumvi alisema. "Kamletea mwenzake chai. Mimi ningekuwa yeye, ningeleta na marungu."

"Pole, shemeji," yule mwanamke alimwambia fundi. Neno lile lile. "Mume wangu hapewi dawa huko alipo. Mikono imeoza. Ananiambia, mke wangu, nilijaza mwenyewe, nikafunga mwenyewe. Sasa kesho wanampandisha. Kama lipo unalolijua, hata dogo, utatusaidia."

"Kesho," fundi alisema, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

"Twende, mwanangu," Shangazi akamwambia yule mwanamke, "tuwaache wenye nyumba." Wakatoka. Vitanda vya jirani vilikuwa na watu na mazungumzo yao. Fundi akavuta kigoda.

Mama Karai alikuwa amefungwa bandeji kichwa na mikono yote miwili, limebaki jicho moja na mdomo uliovimba. Jicho lilimtazama muda mrefu.

"Umekula?" akauliza. Alisema polepole, kila neno likiomba njia.

"Nimekula."

"Sindano?"

"Amekula. Amekushonea shati."

Mdomo ukajaribu kutabasamu, ukashindwa. "Wamekuja polisi. Wameniuliza nani alilifunga dumu. Nikawaambia sikumbuki, nina maumivu. Wakasema watarudi kesho asubuhi, kabla ya mahakama."

Fundi alitazama sakafu. Palikuwa na kipande cha pamba kimeviringika chini ya kitanda.

"Nyongeza hufunga fundo la mkokoteni," Mama Karai akaendelea. "Unavuta ncha, linafunguka. Jumapili ile nilipolivuta dumu nifungue, nikakuta lile fundo lako, la kumalizia pindo. Nilihangaika nalo kwa meno, kumbe ninacheka peke yangu. Nikasema moyoni, mwaka mzima hajaligusa dumu langu, hajauliza hata jiko lilipo. Leo kanifungia mafuta yangu yasimwagike. Mume wangu amerudi."

Akanyamaza kuvuta pumzi. Fundi akaikumbuka ile chai ya kwanza, kile kipande cha samaki, ule mkono uliokuwa ukiondoa nyuzi begani ambazo hazikuwepo.

"Nimelala hapa siku tatu nalitazama lile fundo. Sitazami kitu kingine, sina jicho la kutazamia." Mkono wenye bandeji ulisogea kidogo kwenye shuka, ukasimama kabla ya kumgusa. "Ulilifunga vizuri sana, baba Sindano. Sasa niambie wewe, kabla hawajaja wale kuniuliza tena. Ulikuwa umelifungulia nini?"